IP ya pili kwenye VPS: paneli inaionyesha, seva haiijui

Nyegezi_Hosti
Wakuu, habari za jioni. Nina VPS (seva pepe ya kukodi) ya Ubuntu 22.04, data senta iko Ujerumani, nimebeba humo tovuti za wateja wa hapa Mwanza: shule, duka la vipuri na saccos inayowatumia wanachama taarifa za marejesho kwa barua pepe. Nimenunua IP (anwani ya mtandao) ya pili kwenye paneli ya mtoa huduma, hela imekatwa, lakini nikiandika `ip a` naona ile ya zamani tu. Huduma kwa wateja wamejibu mstari mmoja: iweke mwenyewe ndani ya seva. Naitaka kwa barua za saccos. Pia fundi wa ile shule anasema SSL (ulinzi wa https) inadai IP ya peke yake. Nifanyeje nisijifungie nje?

MzeeTerminali
Mkuu, paneli imeiambia rauta yao tu. Seva yako haijaambiwa, kwa hiyo pakiti zikifika inazitupa. Anza na ya muda:

`ip addr add 203.0.113.45/32 dev eth0`

Hiyo anwani ni ya mfano, weka yako, na jina la eth0 lihakikishe kwenye `ip a`. Ikijibu ping, upande wao ni mzima. Seva ikizimwa na kuwashwa inafutika, ndiyo raha yake.

Ya kudumu iko `/etc/netplan`, kwenye faili la YAML la mpangilio wa mtandao. Chini ya `addresses` ongeza mstari `- 203.0.113.45/32`. Geti (gateway, njia ya kutokea mtandaoni) la pili usiweke, isipokuwa maelekezo ya mtoa huduma wako yadai hivyo. Tumia spesi, tab YAML haitaki kabisa. Halafu, tafadhali sana, usikimbilie `netplan apply`. Andika `netplan try`: usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120, inarudisha mpangilio wa zamani yenyewe. Kama faili linaitwa `50-cloud-init.yaml`, zima kwanza cloud-init (programu inayoipanga seva inapowaka) upande wa mtandao, maana inaweza kuliandika upya.

Nyegezi_Hosti
Inajibu! Asante mzee. Ila barua za saccos bado zinatoka na IP ya zamani.

MzeeTerminali
Lazima. Kupokea kwa anwani fulani hakumaanishi utatumia hiyo hiyo kutuma. Kwenye Postfix, programu ya kutuma barua, kuna `smtp_bind_address`. Ukiiweka `main.cf`, barua zote zinahamia IP mpya. Kwa saccos pekee, tengeneza usafirishaji wa pili ndani ya `master.cf`, uuite kupitia `sender_dependent_default_transport_maps`. Kisha PTR (rekodi inayotoa jina la IP) ya IP mpya ilingane na jina la seva ya barua, na SPF (rekodi ya DNS ya IP zinazoruhusiwa kutuma barua za domeni) iitaje.

Kabla ya yote hayo iangalie Spamhaus, wanaoorodhesha IP zenye rekodi ya barua taka. IP za kukodi ni kama chumba ambacho mpangaji aliyetoka ameacha madeni dukani: muuza duka anakudai wewe.

Binti_wa_Nginx
Hiyo ya shule achaneni nayo. SNI, yaani kivinjari kutaja jina la tovuti kinayoitaka, ipo kwenye viwango vya TLS (mrithi wa SSL) tangu 2003, tovuti kibao zinakaa IP moja kila moja na cheti chake. Walioteseka ni wa Internet Explorer kwenye Windows XP. Cheti chukua Let's Encrypt, bure, basi. IPv4 (IP za aina hiyo uliyonunua) zinalipishwa kwa sababu ni adimu. IANA, wasimamizi wa anwani hizo duniani, iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Huyo fundi anataka kuuza kitu.

Nyegezi_Hosti
Haha, nitamfikishia kwa adabu. PTR naiweka kwenye DNS ya domeni?

MzeeTerminali
Hapana, kwa mwenye IP. Itafute kwenye paneli yao. Isipokuwepo, fungua tiketi.