Ng'ombe anatarajiwa kuzaa Jumamosi, mama mkwe anafika Jumamosi, mahindi hayajakauka: nianze na lipi?

MamaPacha, Alhamisi usiku

Wana jamvi, habari za usiku. Nimekaa mezani na karatasi yenye kazi kumi na nne za Jumamosi na Jumapili, na kila nikikata moja nakumbuka mbili. Naomba macho ya wenzangu kabla sijaanza kuwafokea watoto bure.

Krismasi ni Alhamisi ijayo. Jumamosi tarehe 20 mama mkwe anashuka stendi saa nne asubuhi. Wifi na watoto wake watatu wanafuata Jumapili jioni. Baba watoto yuko safari ya kikazi mpaka Jumatatu, kwa hiyo msimhesabu. Nyumbani nipo mimi, pacha wangu wa miaka kumi na mmoja (hao nawahesabu mtu mmoja na nusu), na kijana anayenisaidia kukamua, ambaye Jumapili nzima ameomba ruhusa. Nimempa, maana mwezi mzima hajapumzika.

Sasa Shukuru, ng'ombe wangu. Alipandishwa tarehe 12 Machi. Nimehesabu siku 283 mara tatu, na kila mara kidole kinaangukia Jumamosi hiyo hiyo. Ni uzao wake wa pili. Wa kwanza alizaa saa tisa usiku, mvua inamwagika, tochi imezimika, ndama nikampokea kwa kupapasa. Sitaki tena.

Halafu mahindi. Tumeshapukuchua, leo ni siku ya nne juani kwenye turubai, na mawingu hayaaminiki. Usiku tunayaingiza ndani, kwenye chumba ambacho mama mkwe ndimo anamolala! Yasipoingia kwenye magunia yakaenda ghalani, mgeni hana kitanda. Pazia la chumba hicho pia halijashonwa pindo.

Yaliyobaki ni ya mjini: mtungi wa gesi, nywele za watoto, tairi la toroli lililopasuka, na nguo za pacha kwa fundi ambaye ameshaniambia "kesho" mara tatu.

Swali: niende stendi mwenyewe au nibaki na ng'ombe? Mama mkwe hana tabia ya kulalamika, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nikimtuma mtu mwingine, atanyamaza tu. Na mahindi nifunge kesho au nisubiri?

MzeeWaZizi

Binti, kalenda haizalishi ng'ombe. Hizo 283 ni wastani; anaweza kutangulia wiki au kuchelewa wiki. Mtazame nyuma. Pande mbili za shina la mkia zikilegea na kubonyea, kiwele kikajaa mpaka chuchu zikang'aa, na ute mzito ukaning'inia, hapo usiende mbali. Akijitenga, analala anainuka, analala anainuka, basi ameanza.

Kuhusu usiku: majani mengi mpe jioni, sio asubuhi. Ng'ombe anayelishwa jioni mara nyingi huzaa mchana. Ungeanza wiki mbili tatu nyuma ingekuwa vizuri zaidi, lakini anza leo, hupotezi kitu.

Miguu ya mbele ikitokeza na pua juu yake, mwache asukume. Saa moja ikipita bila kusogea, piga simu kwa daktari wa mifugo. Namba yake iandike ukutani leo, usingoje kuitafuta siku hiyo.

NusuEka

Usifunge mahindi kwa sababu ya kitanda, tafadhali. Nafaka mbichi kidogo tu ikifungwa kwenye gunia inapata joto, inavunda, na sumukuvu haiondoki kwa kupeta wala kupika.

Fanya hivi. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa. Jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15. Rudisha juani. Chumvi ikidondoka yote chini, funga. Chumvi ikiwa na unyevu itakudanganya, kwa hiyo iweke juani kwanza.

Mimi mwaka jana niliamini meno yangu. Niling'ata punje, ikalia "ka!", nikafunga magunia sita. Mawili nilimwaga.

BibiWaWanne

Nami niseme, maana mimi ni mama mkwe wa nyumba tatu. Mwanangu, mpigie simu huyo mama leo umwambie ukweli: ng'ombe anakaribia, mahindi yako kitandani, mume hayupo. Unafikiri heshima ni kusimama stendi unatoka jasho huku unatazama saa? Sisi tunaona. Mtu akinipokea roho yake iko bandani, ni afadhali anielekeze gari, nifike mwenyewe nimkute ametulia.

Tena muulize kama anajua ng'ombe. Wengi wetu tuliolewa kwenye zizi kabla nyie hamjazaliwa.

Fundi wa nguo usimpigie simu. Nenda ukakae pale pale mpaka amalize.

MamaPacha, Jumatatu asubuhi

Shikamoo Mzee, shikamoo Bibi, na NusuEka asante sana. Nimechelewa kuleta majibu, mtanisamehe.

Ijumaa nilimpigia mama mkwe simu. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza, hata hakuningoja nimalize. Akauliza, "Mkia umelegea?" Nikasema sijaangalia. Akasema, "Kaangalie, nakata simu." Jumamosi alikuja peke yake, akaweka mizigo barazani, akaenda bandani kabla hajaingia ndani. Akambonyeza Shukuru pande zote mbili, akasema, "Leo hapana. Kesho."

Mahindi yalifeli. Chumvi iliganda kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshatoa magunia! Basi mama mkwe akalala chumba cha pacha, na pacha wakalala pembeni ya mahindi. Asubuhi walikuwa na punje kwenye nywele. Jana jua lilipiga vizuri, leo mchana napima tena.

Jumapili kijana aliondoka baada ya kukamua. Mimi, kwa kumtii Bibi, nikaenda kukaa kwa fundi. Nilikaa saa tatu na nusu. Saa nane mchana simu inaita, ni pacha mmoja, anapiga kelele hata sielewi, nyuma yake namsikia mama mkwe anasema kwa utulivu, "Mwambie asikimbie." Nilikimbia. Nilipofika ndama alishalambwa, anajaribu kusimama, miguu inamwendea huku na huku. Jike. Hakuna aliyemvuta. Kitovu walishakichovya kwenye iodini niliyokuwa nimeiweka dirishani.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndama aliyanyonya ndani ya saa mbili. Mama mkwe alitaka nisiongoze chuchu, ndama ajitafutie mwenyewe. Mimi nikasema kadiri saa zinavyopita ndivyo kinga ya dang'a inavyopungua kuingia mwilini, nikaongoza. Alinitazama tu. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe kabla ya jua kuzama, kwa hiyo daktari hatukumhitaji, ila namba bado iko ukutani.

Wifi alifika saa moja usiku akakuta wote tuko bandani, nyumba iko wazi, hakuna hata aliyewasha taa. Watoto wake hawakutaka kuingia ndani mpaka wamguse ndama.

Kwenye ile karatasi nimekata saba. Nguo zimekuja, ila suruali moja haina zipu. Pazia mama mkwe ameshalishona pindo kwa mkono, sikumwomba. Toroli bado halina tairi, samadi tunabeba kwa ndoo, na watoto watano wanagombana jina la ndama tangu saa kumi na mbili.

Mzee, swali dogo la mwisho: kiwele upande wa nyuma kulia ni kigumu kidogo kuliko kushoto, ila maziwa hayana mabonge wala damu, na hashtuki nikimgusa. Nimkande kwa maji ya vuguvugu na kumkamua mara nyingi zaidi, au nipige ile namba?

MzeeWaZizi

Kanda, kamua, angalia jioni. Ukiona joto, maumivu au mabonge, piga namba usingoje. Na msalimie huyo mama.