Ndugu wa tumbo moja, majina mawili ya ukoo: "dit" ya Quebec inafuatiliwaje?

Nasaba_Mbali:
Wajuzi, naombeni mwanga. Nafuatilia ukoo wa Wakanada wenye asili ya Ufaransa, parokia ya Rivière-Ouelle, Quebec. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wengine wameandikwa Hudon, wengine Beaulieu, na kuna mahali pameandikwa Hudon dit Beaulieu. Ni ukoo mmoja au miwili? Halafu wavulana wote Joseph, wasichana wote Marie. Nitawatofautishaje?

Karani wa Rejesta:
Ni ukoo mmoja. "Dit" maana yake "aitwaye". Majina hayo ya pili, mengine yalikuwa ya kijeshi: askari wa kikosi cha Carignan-Salières, kilichofika 1665, wengi walikuwa nayo, na waliobaki wakawarithisha watoto. Mengine yalitokana na shamba, kijiji cha asili au jina la kwanza la babu. Hapakuwa na sheria ya kushika lipi, kwa hiyo kaka akabaki na Hudon, mdogo wake akachukua Beaulieu. Tafuta kila tukio kwa majina yote mawili, na kwa tahajia zote: Gauthier, Gautier na Gaultier ni jina lilelile.

Joseph na Marie ni majina ya ubatizo tu. Linalofuata mara nyingi ni la msimamizi wa ubatizo, na la mwisho ndilo aliloitwa nyumbani. Joseph Pierre Antoine mtafute kama Antoine. Tena angalia mazishi kabla ya kuushika ubatizo wowote: mtoto akifa, anayezaliwa baadaye hupewa jina lake. Hapo ndipo watu wengi hupandikiza mti mzima wa ukoo kwenye kaburi la mtoto mchanga.

BiMkubwa_Hati:
Naongeza: usipande kutoka kizazi hadi kizazi kwa ubatizo, panda kwa ndoa. Rejesta ya ndoa Katoliki ya Quebec kwa kawaida hutaja wazazi wa pande zote mbili, na mama hutajwa kwa jina lake la kuzaliwa. Ukipata ndoa moja umepata majina ya ndoa mbili za kutafuta. Anza na parokia ya bibi harusi, maana huko ndiko walikofungia wengi. Ukiona "feu" mbele ya jina la baba, alikuwa ameshafariki. Tayari una mwaka wa mwisho wa kutafuta mazishi yake.

Ukurasa usiposomeka usikate tamaa. Tangu 1679 paroko alitakiwa kuandika nakala mbili, moja ya kanisa na moja ya serikali. Picha za Drouin (mkusanyo wa picha za rejesta za Quebec) kwa sehemu kubwa ni za nakala ya serikali, za FamilySearch (tovuti ya nasaba) ni za kanisa. Zilinganishe, kwani aliyenakili aliweza kuruka mstari.

Nasaba_Mbali:
Shukrani sana. Nimekwama kwenye ndoa moja: bibi harusi ameandikwa "veuve de" fulani, wazazi hawapo.

Karani wa Rejesta:
Huyo ni mjane, na mjane hutambulishwa kwa marehemu mumewe. Tafuta ndoa yake ya kwanza, wazazi wako huko. Isipopatikana, tafuta mkataba wa ndoa kwa mthibitishaji wa hati. Ulisainiwa kabla ya harusi, na BAnQ, maktaba na hifadhi ya nyaraka ya Quebec, ina hati hizo.

BiMkubwa_Hati:
Soma pia ruhusa ya undugu, yaani ruhusa ya kanisa kwa ndugu kuoana, kwenye rejesta hiyohiyo. Daraja la pili, bwana na bibi harusi ni wajukuu wa watu walewale. La tatu, vitukuu. La nne, vilembwe. Paroko amekuthibitishia bure kwamba mistari miwili inakutana, na amekwambia ni vizazi vingapi juu.

Na tawi likipotea baada ya 1840, tazama viwanda vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Huko majina yalitafsiriwa kwa Kiingereza: Roy aligeuka King, Boisvert akawa Greenwood, na mke akaandikwa kwa jina la mume. Ukimpata mke huko, rudi Quebec umtafute kwa jina la baba yake.