Mrejesho: miti yangu 12 ya mepo, Vermont, Marekani

Wakuu, ni mimi niliyeuliza mwaka jana kwa nini shira yangu, ile ninayopika kwa kuchemsha utomvu mtamu wa mepo, ilitoka nyeusi na chungu. Mlisema niligema nimechelewa, miti imeshaanza kuchipua. Mlipatia.

Safari hii nilijipanga. Kuni nilizipasua tangu kiangazi, ndoo na mirija nikaziosha kwa maji ya moto. Mwishoni mwa Februari, usiku ulipokuwa wa barafu na mchana barafu inayeyuka, nikashika kekee: tundu moja kwa kila mti, upana milimita 8, kina sentimita 4 hivi, mbali na kovu la zamani. Unga wa mbao ukitoka mweupe, endelea. Ukiwa wa kahawia, hapo pamekufa.

Kuchemsha nilihamia nje, maana mwaka jana mvuke ulibandua karatasi za ukuta jikoni na mama watoto hajasahau. Lita 160 za utomvu zimenipa lita 4 tu! Niliepua joto lilipopita la maji yanayochemka kwa nyuzi 4 za Selsiasi.

Rangi ni ya asali, na watoto wanachovya chapati. Ila chini ya chupa kuna mchangamchanga, hata baada ya kuchuja kwa kitambaa cha sufu. Mwenye mbinu?