Kraków: Nowa Huta, Ruczaj au jengo la zamani karibu na Kazimierz?

mkaa_pwani
Asalaam aleikum. Mwezi wa kumi naanza masomo Kraków, Poland, kampasi ya Ruczaj, nakuja na mke na mtoto wa miaka mitatu. Nina nyumba tatu za kuchagua: Nowa Huta, Ruczaj kwenye jengo jipya, na ghorofa ya nne ya jengo la zamani karibu na mtaa wa Kazimierz. Ya Nowa Huta ndiyo nafuu, ila watu wananitisha nayo. Nisaidieni.

mama_pacha
Wa aleikum salaam. Nimelea wanangu Nowa Huta miaka minne, usitishike. Mtaa huo ulianza kujengwa 1949 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, na waliouchora waliwafikiria watu. Kila osiedle, yaani kundi la majengo, lina uwanja wa ndani wenye miti, na chekechea na maduka unafika kwa miguu. Nikiwa jikoni nawaona watoto wakicheza.
Ila uliza ni sehemu gani. Karibu na Plac Centralny ni majengo ya matofali, kuta nene. Ukipanda Mistrzejowice unakuta yale ya vipande vya zege; ukiyaona utakumbuka Michenzani ya Zanzibar. Nayo yanakalika vizuri, joto linatoka mtambo wa mji, lakini yale mafupi mengi hayana lifti. Pia anwani haitaji barabara, inataja osiedle na namba ya jengo. Mleta mizigo mgeni anaweza kuzunguka nusu saa.

baridi_kali
Mimi nilikaa kamienica, hayo majengo ya zamani. Dari juu kabisa, madirisha yanapendeza, nikaipenda siku ile ile. Kuchoma makaa na kuni kumepigwa marufuku Kraków tangu 1 Septemba 2019 na hewa imepata nafuu sana, lakini nyumba yangu ilikuwa inapashwa joto kwa umeme. Omba bili ya Januari kabla ya kusaini. Mimi sikuomba, nikakopa kwa rafiki. Na ghorofa ya nne na kigari cha mtoto? Hapana, ndugu yangu.

jirani_wa_kampasi
Ruczaj utalala mpaka dakika ya mwisho, darasani unaenda kwa miguu. Tramu ipo tangu 2012. Kasoro ni kwamba kila kampuni imejenga kipande chake na kukizungushia uzio, dirisha linatazama dirisha. Kwa mtoto kuna Zakrzówek, mabwawa ya kuogelea yalifunguliwa 2023.

mkaa_pwani
Nashukuruni. Kutoka Nowa Huta hadi kampasi ni muda gani? Na mwenye nyumba wa Ruczaj anataka mkataba wa „najem okazjonalny”, ndiyo nini?

mama_pacha
Tramu inakata mji mzima, hesabu karibu saa nzima. Hilo halina dawa.
Mkataba huo unakutaka uende kwa mthibitishaji wa sheria, ukiri kwamba utahama muda ukiisha, na utaje nyumba nyingine utakakohamia, kwa idhini ya mwenye nyumba hiyo. Mgeni asiye na ndugu huku hukwama hapo hapo. Muulize kama atakubali mkataba wa kawaida.
Halafu usisome kodi peke yake. Kuna czynsz, yaani ada ya usimamizi wa jengo, juu yake, kisha umeme. Tuandikie jumla ya kila nyumba, zote tatu, tuzipime. Na usitume amana kabla mtu hajaiona nyumba kwa macho. Ya Nowa Huta nitakwenda mimi Jumamosi.