Land Rover Series III haitoi cheche ingawa plagi na koili ni mpya

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninayo Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, ambayo huku Iringa tunaitumia kubebea mahindi na mbolea. Ilizimika ghafla njiani, na tangu hapo starta inazungusha injini vizuri, plagi nikizifungua zinatoka zimelowa petroli, lakini nikiilaza plagi juu ya chuma cha injini wakati mwenzangu anapiga starta, cheche haionekani kabisa. Nimekwisha kubadilisha plagi zote nne pamoja na koili, yaani kifaa kinachokuza umeme wa kutoa cheche. Koili hiyo mpya nayo inapata joto kali nikiacha swichi ikiwa imewashwa. Je, ninunue distributa nzima, yaani kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi?

Jibu la kwanza

Tafadhali usinunue kitu kingine kabla ya kupima. Katika gari hili, koili hutoa cheche pale tu pointi za distributa, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, zinapoachana na kukata umeme unaopita ndani yake, kwa hiyo koili inayopata joto bila kutoa cheche inanifanya nishuku kwamba umeme unapita muda wote na hakuna kinachoukata.

Fungua kifuniko cha distributa, zungusha injini kwa mkono hadi pointi ziachane, washa swichi, kisha pima volti kati ya kila upande wa koili na bodi ya gari. Upande unaotoka kwenye swichi uwe na volti 12 au karibu yake. Upande unaokwenda kwenye distributa nao usome volti 12 pointi zikiwa zimeachana, na ushuke karibu na sifuri zikigusana. Usiposhuka, pointi ni chafu au distributa haipati ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari). Ukibaki sifuri hata pointi zikiwa wazi, na upande wa swichi una umeme, kuna mahali waya huo unagusa chuma.

Jibu la pili

Naongezea jambo kuhusu koili, kwa kuwa nyingi zinazouzwa zinafanana kwa umbo. Ukiwa umezima swichi na kutoa nyaya zake ndogo, pima ukinzani kati ya pande hizo mbili: koili ya kupokea volti 12 moja kwa moja husoma takriban omu 3, na ile inayohitaji kizuizi cha nje cha kupunguza umeme husoma karibu omu 1.5. Hii ya pili ikifungwa bila kizuizi itapata joto kupita kiasi na kuunguza pointi. Rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa, pia usiisahau, maana zipo zinazovujisha umeme hadi kwenye shafti, ingawa kwa dalili ulizoeleza nisingeanzia huko.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote. Koili imesoma omu 3.1. Upande wa swichi una volti 12.3, lakini upande wa distributa ni sifuri, pointi zikiwa zimegusana au zimeachana.

Jibu la kwanza

Sasa tumekaribia. Chomoa kwenye koili ule waya mwembamba unaokwenda kwenye distributa, upime tena hapo ulipochomoa. Volti 12 zikirudi, koili haina kosa na hitilafu imo ndani ya distributa. Ziko sehemu tatu za kukagua: kondensa (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kilichounganishwa na pointi) iliyokufa na kupitisha umeme hadi kwenye ethi, vipande vya plastiki vinavyotenga pointi na bamba linalozishikilia, ambavyo hufungwa vibaya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na waya mfupi wa ndani, ambao hupindapinda kila mara bamba linapovutwa na kifaa cha vakyumu. Tenga kondensa kwanza, kwa sababu ni kazi ya skrubu moja.

Mwuliza swali

Volti 12 zilirudi. Kutenga kondensa hakukubadilisha kitu, lakini nilipouvuta waya wa ndani nikakuta ganda lake limelika pale unapopita kando ya bamba, na shaba inagusa chuma. Nimeweka waya mpya laini, na sasa cheche ni ya buluu na injini imewaka.

Jibu la kwanza

Nimefurahi sana. Kabla ya kupakia mzigo, sogeza bamba kwa mkono hadi mwisho wa mwendo wake uone kama waya mpya haukazwi wala haugusi, kisha rekebisha nafasi ya pointi iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40.