Nimepewa usupavaiza, watu wanaacha kazi, nianzie wapi?

Wakuu habari za jioni. Nimepewa usupavaiza kwenye ghala la vifaa vya ujenzi hapa Dar, tuko 11, tangu Januari wameshaacha wanne na mshahara sio mbaya kivile. Shida bosi anatuma voisi za kazi kwenye grupu saa tano usiku, usipojibu kesho yake unasemwa mbele ya wateja. Nifanyeje maana sina mamlaka ya kuongeza mtu hata mia?

Mzee wa Nondo: Anza na msosi, sio utani. Kwetu watu walikuwa wanakula wamesimama nyuma ya mabati, tonge mkononi na jina linaitwa, wakati sheria ya ajira ya 2004 inasema ukipiga zaidi ya masaa 5 mfululizo unapata saa nzima ya kupumzika. Tukaweka benchi na zamu za kula, ugomvi ukapungua wenyewe.

Binti Stoo: Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Mpigie hesabu bosi wako hizo voisi, atalala mapema hahaha

Muuliza swali: Dada, huyu mzee akisikia neno sheria anajua nimetumwa na chama cha wafanyakazi 😂

Mzee wa Nondo: Basi usiitaje. Mfuate pembeni, shikamoo kwanza, muulize tu yule mpya aliyeziba nafasi ya walioacha ameshakosea oda ngapi, ataona mwenyewe hasara ya watu kuondoka.