Kalenda ya milango ya Amu: pleti ya alumini, ya plastiki, au dijitali?

Mkomani_Picha
Assalam alaykum. Nina picha 12 za milango ya nakshi, nataka kalenda 1000 kabla ya Maulidi. Mwaka jana nilichapisha Mombasa, nakshi zikaziba, maua yote yakawa weusi mtupu. Fundi akasema ni kwa sababu ya pleti ya plastiki, yaani lile bamba la kuchapia linalobeba picha mashineni. Safari hii nichague ipi?

FundiWino
Waalaykum salaam. Kwa risiti na barua plastiki sina neno nayo. Kwa picha ya rangi, kila moja ya rangi nne za wino ina pleti yake, zote nne zilaliane sawasawa, na plastiki huvutika mashine ikizunguka. Chukua alumini.

Ila uliza inachomwaje, yaani picha inatiwaje kwenye pleti kwa mwanga. Ikichomwa kwa filamu, filamu ilale bapa juu ya pleti na hewa yote ifyonzwe. Ikibaki hewa, mwanga hupenya pembeni na nukta ndogo zinazojenga picha hazitoki zilivyo. Kwenye pleti ya positivu, ambayo sehemu iliyopigwa mwanga huondoka, mwanga ukizidi nukta hukonda, zile ndogo hupotea kabisa. Kwenye ya negativu, ambayo sehemu iliyopigwa mwanga ndiyo hubaki, hunenepa. Mimi nimechoma pleti kwa filamu miaka mingi, na vumbi moja tu lilinitia hasara ya pleti nzima. Leza inayochora moja kwa moja kutoka kompyuta haina filamu, basi na taabu hiyo haina.

Bi_Shela
Mwanangu, faili ulizipelekaje? Karatasi iliyopakwa, ile laini isiyonywa wino sana, huchapwa kwa mistari ya nukta kama 150 kwa inchi, na picha inataka pikseli 300 kwa inchi, kwa ukubwa ule ule wa ukurasa. Kwa A3 ni kama pikseli 3508 kwa 4961.

Mkomani_Picha
Shikamoo Bi. Nilituma kwa WhatsApp.

Bi_Shela
Marahaba. Basi picha ilipunguzwa kabla haijafika kwenye pleti.

FundiWino
Na ule weusi ni nukta kuvimba. Karatasi isiyopakwa hunywa wino, wino ukatambaa. Nukta ya asilimia 50 yaweza kutoka kama 70. Mlango wenyewe mbao yake ni nyeusi, nafasi ya kuvimba haipo. Chukua karatasi iliyopakwa, vivuli vifunguliwe kwenye faili kwanza, na usiidhinishe pleti kabla ya kuona prufu, yaani nakala ya majaribio.

Baharini_Amu
Kwa nakala 100 ningesema dijitali bila kufikiri, pleti haihitajiki. Kwa 1000, alumini. Lakini yahe, unyevu wa pwani yetu mnausahau. Karatasi ikinywa unyevu hutanuka, zaidi kwa kukatiza nyuzi zake, na rangi zikahama hata pleti ikiwa nzuri namna gani. Rimu zikae zimefungwa ndani ya chumba cha mashine mpaka siku ya kuchapa.

Mkomani_Picha
Nimeelewa. Alumini ya leza, karatasi iliyopakwa. Milango mitatu nitaipiga tena asubuhi mapema, kwa sababu jua la saa sita lilikaza vivuli mno. Jumatatu navuka Mokowe, faili nimezitia kwenye flashi.